Kishale cha mausi kwenye Excel na programu zingine za shiti: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali ambayo watu wanayarudia sana wakianza kutumia Excel, na wengine wako nayo miaka na bado yanawasumbua. Majibu mengi hapa yanafuata Excel ya Windows kwa sababu ndiyo wengi wanayo, ila pale ambapo Google Sheets au LibreOffice Calc inafanya kivyake nimesema. Nikiandika kishale namaanisha kile kitu kinachotembea kwenye skrini ukisogeza mausi, hata kama muda huo kina umbo la msalaba au mkono.

## Mambo ya mwanzo

Kwa nini kishale kinabadilikabadilika hivi? Kompyuta yangu ina shida?

Haina shida yoyote, inakusaidia. Chukua seli moja tu, yaani kisanduku kimoja cha shiti, tuseme B4 (kolamu B, mstari wa 4), ibofye uichague. Ukibofya katikati yake unachagua, ukibofya mara mbili hapohapo unaingia ndani kuandika, ukishika ukingo wake unaihamisha kwenda kwingine, na ukishika kona ya chini kulia unajaza seli zinazofuata. Kazi nne kwenye kisanduku kimoja kidogo, na kutoka ukingoni mpaka kwenye kona ni pikseli chache tu, sasa jicho peke yake haliwezi kujua uko wapi. Kwa hiyo programu inakwambia kwa umbo la kishale kabla hujabonyeza: ukibonyeza sasa hivi, hiki ndicho kitatokea.

Data nyingi zinazoharibika kwenye shiti hazitokani na fomula (hesabu unayoandika ndani ya seli ukianza na =) ngumu, zinatokana na mtu kubonyeza na kuvuta bila kuangalia umbo. Nusu sekunde ya kuangalia inatosha kabisa.

Msalaba mnene mweupe ni wa nini?

Huo ni wa kuchagua seli, ndio utauona muda mwingi kuliko yote. Bofya mara moja unachagua seli moja, bonyeza ukivuta unachagua eneo, na ukishikilia Ctrl unaweza kuchagua seli zilizoachana. Ukiwa na msalaba huu huwezi kuhamisha wala kufuta kitu kwa kuvuta, uko salama. Kwenye Google Sheets usiutafute, kule juu ya seli kishale kinabaki mshale wa kawaida.

Na ule mwembamba mweusi?

Huo unatokea sehemu moja tu, juu ya kile kimraba kidogo kwenye kona ya chini kulia ya seli uliyochagua. Kazi yake ni kujaza, yaani ukivuta kwenda chini au pembeni unanakili kilichomo au unaendeleza mfululizo, kama siku za wiki, tarehe, miezi, au fomula. Hii ndiyo zana inayookoa muda kuliko zote, ina maswali yake hapo chini kwenye sehemu ya kujaza.

Mshale wenye vichwa vinne je?

Unatokea ukiwa juu ya ukingo wa seli uliyochagua: unaona mshale mweupe na kwenye ncha yake kuna mishale minne midogo inayoelekea pande zote. Maana yake ni HAMISHA. Ukibonyeza na kuvuta hapo seli inang'oka ilipo na kwenda utakapoiachia. Huu ndio umbo wa kuuheshimu, soma sehemu ya kuhamisha.

Misalaba miwili na mshale vyote vinanichanganya, nitavitofautishaje haraka?

Fungua shiti tupu ambayo haina kitu cha maana, andika neno kwenye seli C5, kisha sogeza mausi polepole sana bila kubonyeza chochote. Anzia katikati ya seli, msalaba mnene mweupe. Shuka taratibu mpaka mstari wa chini wa seli, unageuka mshale wa vichwa vinne. Fuata mstari huohuo kwenda kulia mpaka kwenye kona, ghafla unakuwa msalaba mwembamba mweusi. Rudi, nenda tena, sasa hivi hata ukibonyeza kwa bahati mbaya hutaharibu kitu cha maana kwa hiyo fanya mpaka mkono uzoee. Ukishaona vile vitatu vikibadilika kwenye safari ya sentimita moja, tatizo zima unalielewa na hakuna maelezo ya kuandika yanayoweza kushinda hilo.

## Kujaza kwa kuvuta

Nimeandika 1 nikavuta chini, nimepata 1, 1, 1. Nataka 1, 2, 3.

Kwenye Excel namba moja peke yake inanakiliwa tu kwa sababu programu haijui unaenda kwa hatua gani. Njia ni mbili. Ya kwanza, andika 1 na 2 kwenye seli mbili, zichague zote mbili, ndio uvute, itaelewa hatua ni moja. Ukiandika 5 na 10 itaendelea na 15, 20, 25. Ya pili, andika 1 tu, shikilia Ctrl wakati unavuta, utaona kialama kidogo cha kujumlisha kimetokea pembeni ya msalaba mweusi.

Angalia hapa, Ctrl inageuza tabia, haimaanishi mfululizo siku zote. Tarehe ukiivuta bila Ctrl inaenda mbele siku moja moja, ukishika Ctrl ndio inajirudia vilevile. Na LibreOffice Calc iko kinyume na Excel kwenye namba: kule ukivuta 1 unapata 1, 2, 3 moja kwa moja, na Ctrl ndiyo ya kurudia. Mtu akihama kati ya hizo programu mbili hapa ndipo anapokwama.

Ukitaka kuamua baadaye, vuta kwa kitufe cha kulia cha mausi badala ya kushoto, ukiachia inatokea menyu ya kuuliza unataka kunakili, kuendeleza mfululizo, au kujaza muundo tu (rangi, fonti na kadhalika) bila data.

Shiti yangu ina mistari elfu nane, lazima nivute mpaka chini?

Hapana, usijitese. Msalaba mweusi ukitokea bofya mara mbili, fomula inashuka yenyewe mpaka pale data ya kolamu jirani inapoishia. Kama jirani hakuna kitu haitashuka, na kama katikati kuna mstari mzima mtupu itasimama hapo, kwa hiyo ukimaliza nenda chini kabisa uhakikishe imefika. Watu wengi wanasahau hii ya kuhakikisha na jumla zao zinakuwa pungufu.

Nilikuwa navuta, nikarudisha mausi juu, data ikafutika. Imekuwaje?

Ukiwa umechagua seli kadhaa kisha ukashika kona na kuvuta kuelekea ndani ya eneo ulilochagua badala ya nje, Excel inachukulia unataka kufuta. Zile seli zinageuka kijivu wakati unavuta, na ukiachia zinabaki tupu. Ctrl+Z inarudisha kila kitu. Ukiona kijivu kabla hujaachia bonyeza Esc, au peleka mausi mpaka pale ulipoanzia.

Msalaba mweusi hautokei kabisa, hata kimraba cha kona sikioni.

Kwanza angalia kama umechagua maeneo mawili yaliyoachana kwa Ctrl, hapo kimraba hakiji, bofya seli moja kwanza. Kama umechagua seli moja na bado hakuna basi kuna mtu amekizima kwenye mipangilio. Nenda File, kisha Options, kisha Advanced, tafuta mstari usemao "Enable fill handle and cell drag-and-drop" uweke tiki. Pia ukiwa katikati ya kuandika ndani ya seli hakipo, maliza kwa Enter kwanza.

## Kuhamisha kwa kuvuta ukingo

Seli moja imepotea kutoka kwenye orodha na nyingine imefunikwa. Nani kafanya hivi?

Mara nyingi ni mshale wa vichwa vinne. Mtu alitaka kuchagua kuanzia seli fulani kwenda chini, ila mausi ilikuwa imeegemea ukingoni badala ya katikati, akavuta, seli ikahama. Kama ilikokwenda kulikuwa na data, Excel inauliza kama unataka kubadilisha iliyopo, na hapo watu wanabonyeza OK bila kusoma. Ukiliona swali hilo na hukukusudia kuhamisha kitu, bonyeza Cancel.

Kama umegundua sasa hivi, Ctrl+Z. Kama umegundua kesho yake na faili umeshalisevu ukalifunga, Ctrl+Z haitakusaidia, itabidi uende kwenye nakala ya zamani, na faili likiwa linahifadhiwa OneDrive au Google Drive historia ya matoleo inaweza kukuokoa.

Baada ya kuhamisha seli nimeona #REF! kwenye jumla. Kuna uhusiano?

Upo, na hii ni mbaya kuliko ile ya kufunika data kwa sababu inaweza kutokea kimya. Tuseme D10 ina fomula inayosoma B5, na B5 kwa sasa ni tupu unasubiri kuijaza. Ukishika A1 kwa mshale wa vichwa vinne ukaiachia juu ya B5, Excel haiulizi chochote kwa kuwa B5 ni tupu, lakini seli ile ya B5 ambayo fomula ilikuwa inaijua imeondolewa na nyingine imekaa mahali pake. D10 inabaki inatafuta kitu ambacho hakipo na inaandika #REF!. Na ukihamisha seli yenyewe inayosomwa na fomula, fomula inaifuata kule ilikokwenda, kitu ambacho kinaweza kuwa unachotaka au la.

Kopi na pesti ya kawaida haifanyi hivi, fomula inaendelea kusoma B5 na inapata thamani mpya. Ndiyo maana kwenye shiti zenye fomula nyingi napendelea kopi na pesti kuliko kuvuta ukingo, kisha nafuta ya zamani kwa mkono.

Kuna vitufe vya kutumia pamoja na huo mshale?

Vipo na vinafaa sana. Ctrl ukivuta inanakili badala ya kuhamisha, utaona kijumlisha kidogo karibu na mshale, na uachie mausi kwanza ndio uachie Ctrl, ukitangulia kuachia Ctrl inageuka kuwa kuhamisha. Shift ukivuta inapenyeza kati ya seli bila kufunika kitu, badala ya kisanduku unaona mstari unaoonyesha itaingia wapi, hii ndiyo njia safi ya kubadilishana nafasi za kolamu mbili. Alt ukivuta unaweza kupeleka mpaka kwenye jina la shiti nyingine kule chini, inafunguka, unaachia huko.

Nimebofya mara mbili nataka kuandika, nikajikuta chini kabisa ya shiti. Data iko wapi?

Data ipo. Ulibofya mara mbili juu ya ukingo badala ya katikati, na hiyo ni njia ya mkato ya kuruka mpaka mwisho wa data upande ule, sawasawa na Ctrl pamoja na kitufe cha mshale. Ukingo wa chini unakupeleka chini, wa kulia unakupeleka kulia. Kama chini hakuna data unaweza kufika mstari wa 1,048,576 ambao ndio wa mwisho kwenye Excel. Bonyeza Ctrl+Home urudi juu.

Basi si nizime tu kuvuta kabisa?

Unaweza, ni ile tiki niliyoitaja kwenye swali la msalaba mweusi usiotokea. Lakini Excel imeunganisha vitu viwili kwenye tiki moja, ukizima kuhamisha unazima na kujaza, kwa maoni yangu hasara ni kubwa. Chini yake kuna tiki ya pili ya kukuonya kabla ya kufunika seli, hiyo iache imewashwa daima. Kwenye kompyuta ambayo watu wengi wanaingiza data bila mafunzo, hapo naelewa mtu akizima zote.

## Kolamu na mistari

Mshale mfupi mweusi unaoangalia chini ni nini?

Uko juu ya herufi ya kolamu, ukibofya unachagua kolamu nzima. Ukiwa kwenye namba za mstari mshale unaangalia kulia, unachagua mstari mzima. Kwa kibodi ni Ctrl+Space kwa kolamu na Shift+Space kwa mstari.

Ukiwa na data uliyoigeuza kuwa jedwali rasmi (Excel inaliita Table), mshale huohuo unatokea pia juu kabisa ya kichwa cha kolamu ya jedwali, na pale unachagua data ya jedwali tu, sio kolamu nzima ya shiti. Kwenye kona ya juu kushoto ya jedwali unalala mshazari na unachagua jedwali lote.

Na ule wenye vichwa viwili na kijistari katikati?

Uko kwenye mpaka kati ya herufi mbili za kolamu, au namba mbili za mistari. Ukivuta unapanua au kupunguza, na kisanduku kidogo kinakuonyesha upana wakati unavuta. Ukibofya mara mbili kolamu inajipima yenyewe kulingana na neno refu lililomo. Hii ndiyo dawa ya ile ##### inayotisha watu: namba au tarehe haijapotea, kolamu ni nyembamba tu, bofya mara mbili mpaka wa kulia wa herufi yake. Ukichagua kolamu nyingi kwanza, zote zinajirekebisha kwa pamoja.

Kuna wakati unakuwa na vijistari viwili, sio kimoja.

Macho yako mazuri. Hapo kuna kolamu iliyofichwa. Kwa mfano herufi zinatoka C kwenda E, D haionekani. Ukisogeza mausi kidogo tu kulia ya mpaka wa C na E, kijistari kinagawanyika kuwa viwili, vuta kwenda kulia D inatokea. Ukivuta kikiwa na kijistari kimoja unapanua C tu, ndio maana watu wanavuta wee na kolamu haitoki.

## Kuandika na fomula

Kijiti chembamba kama herufi I kinamaanisha nini?

Kuandika. Kinatokea kwenye upau wa fomula kule juu na ndani ya seli ukibofya mara mbili au ukibonyeza F2. Angalia pia kona ya chini kushoto ya dirisha, panaandikwa "Ready" ukiwa huru na "Edit" ukiwa ndani ya seli, na ukiona "Edit" menyu nyingi zimezimika ni kwa sababu hiyo tu.

Nikibofya seli nyingine, anwani yake inaingia kwenye fomula yangu. Sitaki.

Hujamaliza fomula. Ukishaandika alama ya = programu inasubiri umwonyeshe seli za kutumia, na kishale kinaendelea kuwa msalaba mnene mweupe uleule, hapa umbo halikusaidii. Msaada uko kona ya chini kushoto, panaandikwa "Enter" au "Point". Bonyeza Enter kukubali au Esc kuachana nayo, ndio ubofye kwingine.

Nikibonyeza F2 naona visanduku vya rangi, na kishale kinabadilika juu yake.

Hivyo visanduku ni seli ambazo fomula inazisoma. Kwenye ukingo wa kisanduku unapata mshale wa vichwa vinne lakini hapa hauhamishi data, unahamisha fomula isome eneo lingine. Kwenye kona unapata mshale wa mshazari, unanyoosha eneo. Kama jumla yako inaishia mstari wa 20 na data imefika 25, vuta kona mpaka 25, Enter, basi.

## Maumbo mengine

Mkono wenye kidole kimoja, kila nikibofya tovuti inafunguka. Nitaichaguaje seli?

Seli ina kiungo. Bonyeza na ushikilie kwa sekunde moja hivi mpaka mkono ugeuke msalaba mweupe, achia, umeichagua bila kufungua. Au fika hapo kwa vitufe vya mishale. LibreOffice Calc kwa kawaida inataka ushike Ctrl ndio kiungo kifunguke. Ila kwenye Google Sheets, mkono ukitokea ukingoni mwa seli hauhusiani na viungo, ni ule wa kuhamisha.

Brashi imeganda pembeni ya msalaba.

Umewasha zana ya kunakili muundo, na uliibofya mara mbili ndio maana haitoki baada ya matumizi ya kwanza. Esc. Usibofye seli ovyo kabla ya Esc, kila utakayogusa inavaa rangi na fonti ya ile ya kwanza.

Mishale ya mshazari, duara lenye mshale, msalaba mwembamba kama nywele?

Vyote ni vya picha, chati na maumbo. Mshazari kwenye kona unabadilisha ukubwa, duara lenye mshale linazungusha, msalaba wa nywele unasubiri uchore. Ule wa nywele ukiwa hukuukusudia, Esc.

Duara linazunguka na siwezi kufanya kitu.

Programu inafanya kazi, labda inahesabu upya. Angalia chini kama kuna asilimia zinazopanda, subiri, usibofye mara kumi kwa sababu mibofyo inaweza kupangwa foleni na kutekelezwa yote baadaye mahali usipotaka.

## Kesi za pembeni

Kila ninapobofya inachagua eneo kubwa kutoka nilipokuwa, kama nimeshika Shift.

Umegusa F8, kona ya chini inasema "Extend Selection". Bonyeza F8 tena au Esc. Kama chini hakuna maneno hayo angalia kitufe cha Shift chenyewe, huenda kimekwama.

Kishale hakionekani kwenye shiti nyeupe, kinapotea.

Msalaba mweupe juu ya seli nyeupe ni shida kweli kwa wenye macho dhaifu. Windows ina mpangilio wa kuonyesha kishale kilipo ukibonyeza Ctrl, kinazungukwa na duara, uko kwenye mipangilio ya mausi. Na ukuze shiti kwa Ctrl na gurudumu la mausi, seli zikiwa kubwa katikati panakuwa mbali na ukingo, huo ukingo unaoleta balaa lote la swali la seli iliyopotea hapo juu.

Natumia Mac.

Maumbo ni yaleyale, ila kunakili kwa kuvuta ukingo unashika Option badala ya Ctrl.

Kwenye simu sioni kishale chochote.

Hakuna, kidole hakielei juu ya skrini kama mausi. Badala yake seli uliyoichagua inapata viduara kwenye kona, ukivivuta unapanua eneo ulilochagua, havijazi. Kujaza kwenye Excel ya simu unashikilia seli mpaka menyu ndogo itokee, chagua "Fill", ndipo uvute.